Kabla Hujaamua Kupandikizwa Nywele

Kwa miaka sita nilimfahamu jirani yangu bila kuuona utosi wake. Asubuhi akifagia uwanja yuko na kilemba. Jioni akija kuomba chumvi yuko na kilemba. Hata usiku ule aliposhikwa na malaria kali nikaenda kumkanda kwa kitambaa cha maji, kilemba kilikuwa palepale, kimelowa jasho. Nilidhani ni mazoea yake tu, nikaacha.

Siku moja mchana, watoto wakiwa shuleni, aliingia jikoni kwangu akasukuma mlango ukafunga. "Dada, nataka uone kitu, lakini naomba usishtuke." Akafungua kilemba. Kutoka sikio moja hadi jingine, kwa upana wa vidole vitatu, mbele ya kichwa chake hapakuwa na unywele. Ngozi ilikuwa laini na inang'aa. Nyuma yake nywele zilikuwa nyingi na nzuri tu, kama shamba lililopaliliwa upande mmoja.

Akatoa simu akanionyesha picha alizotumiwa na binamu yake anayeishi nje: wanawake kabla na baada ya kupandikizwa nywele. Hospitali moja huko ilikuwa tayari kumpokea mwezi uliofuata, mradi atume nusu ya malipo kwanza. Fedha alikuwa nazo. Zilikuwa fedha za bati za nyumba yao, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa tangu mwaka uliotangulia.

"Baba watoto anajua?" nikamuuliza.

"Anajua nusu."

Mama mwenzangu, labda wewe pia unajua hiyo "nusu" ni nini. Unalala na kitambaa, unaoga ukiwa umefunga mlango, na mumeo akinyoosha mkono kukushika kichwa unageuka upande wa pili. Si jambo la kuchekwa, wala si majivuno. Kwa hiyo sikumwambia jirani yangu aache tamaa. Nilimwambia jambo moja tu: asitume hata shilingi kabla daktari wa ngozi hajakitazama kichwa chake kwa macho na kwa mikono. Tulikwenda pamoja. Mengi ninayoandika hapa nilijifunza katika safari hiyo, na mengine nilipoanza kusoma na kuuliza baada ya hapo.

Nini kilichozichukua?

Daktari hakuanza na habari za kupandikiza hata kidogo. Alianza na maswali. Nywele zilianza kupungua lini? Zilianzia wapi, pembeni au utosini? Kichwa kinawasha au kuuma? Umejifungua karibuni? Unatumia dawa gani? Mama yako na dada zako wako namna gani? Jirani yangu alitaka kukasirika, maana alikuja na swali moja akapewa kumi. Lakini bila majibu hayo hakuna daktari wa kweli anayeweza kukushauri, kwa sababu kuna upotevu wa nywele ambao kupandikiza kunausaidia, kuna ambao hakuusaidii, na kuna ambao utapona wenyewe ukiachwa.

Wa kupona wenyewe ni ule unaowatisha akina mama wengi wachanga. Wakati wa ujauzito nywele hukaa kichwani kwa muda mrefu kuliko kawaida, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa kwa nywele nzuri. Baada ya kujifungua, homoni zikishuka, zile zote zilizocheleweshwa huanguka kwa pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Unachana, kitana kinajaa. Unaosha, beseni linajaa. Kwa wengi hali hii hutulia mtoto anapokaribia kutimiza mwaka. Homa kali, upasuaji mkubwa au huzuni nzito vinaweza kuleta jambo hilohilo, na upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo navyo hupunguza nywele. Hapa kinachohitajika ni kipimo cha damu na chakula. Kisu hakina kazi.

Kuna mabaka ya mviringo yanayotokea ghafula, ngozi ikiwa safi kabisa, kwa sababu kinga ya mwili imezigeukia nywele zenyewe. Kwa kawaida hayo hayapandikizwi. Kwa watoto yako mapunye, ambayo ni ugonjwa wa ukungu wenye dawa ya kumeza. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, na mtoto aliyeanza dozi asiiache katikati.

Kisha kuna lile la jirani yangu, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika nyumba zetu: nywele zinazokufa kwa kuvutwa.

Wengi hudhani hili ni tatizo la mwanamke wa Kiafrika na misuko yake. La hasha. Mwaka 1907 liliandikwa habari zake kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakizivuta nywele zao nyuma na kuzifunga kwa nguvu. Mzizi wa nywele haujui bara. Ukivutwa leo, kesho na keshokutwa, unawaka, unalegea, na mwishoni unakufa na kuacha kovu dogo. Lakini ni kweli kwamba sisi tunavuta zaidi. Huko Cape Town, Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichunguza vichwa vya wanawake Waafrika katika miaka ya 2000, wakakuta karibu mmoja kati ya kila watatu ana dalili za nywele kuisha kwa kuvutwa. Kwa wasichana wa shule alikuwa karibu mmoja kati ya sita. Waliona pia kwamba hatari huzidi pale nywele zilizowekwa dawa zinaposukwa au kuongezewa nywele bandia, kwa kuwa dawa imekwisha kuzidhoofisha.

Jirani yangu alisimulia bila kuficha. Rasta tangu darasa la sita. Dawa tangu kidato cha kwanza. Kila msuko ulipomuuma alimeza dawa ya maumivu akalala kifudifudi, na asubuhi alipoona vipele vidogo kwenye paji alipaka mafuta. Shangazi yake alimwambia uzuri una gharama. Daktari alimsikiliza, kisha akasema kwamba maumivu yale na vipele vile vilikuwa ni kichwa kinachoomba msaada.

Habari njema ni kwamba mapema huwa zinarudi. Ukiona nywele fupi fupi nyembamba zimebaki kama pindo mbele ya sehemu iliyopungua, na vitundu vya nywele bado vinaonekana kwenye ngozi, acha kuvuta leo na usubiri miezi kadhaa. Daktari anaweza kukupa dawa ya kutuliza mwako, au minoksidili ya kupaka, ambayo haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha bila ruhusa yake. Lakini ngozi ikishakuwa laini na kung'aa kama ya jirani yangu, mizizi pale imekwisha.

Ugonjwa wa utosini

Daktari aliendelea kutafuta hata baada ya kuona paji, na nilishukuru kwamba nilikuwepo, maana jirani yangu alikwisha kuanza kufunga kilemba. "Subiri mama, nionyeshe na utosi." Alikuwa akitafuta ugonjwa mwingine unaowapata hasa wanawake weusi wa umri wa makamo: huanzia katikati ya kichwa na kupanuka polepole kama doa la mafuta kwenye nguo, ukiacha makovu. Wengine huwashwa au kuungua, wengine hawasikii chochote. Zamani lawama zote zilitupiwa kitana cha moto na dawa za saluni. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo wengine wameuzaliwa. Kina dada, tusiwe wepesi wa kumwambia mwenzetu, "Umejitakia."

Ugonjwa huu ukiwa bado unatembea, ukipandikiza nywele juu yake utakula na hizo mpya. Ndiyo sababu daktari anaweza kukata kipande kidogo sana cha ngozi kwa ganzi na kukipeleka maabara, na wengi hutaka ugonjwa uwe umetulia kwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kufikiria upasuaji. Hospitali inayokupangia tarehe kwa kutazama picha kwenye simu haiwezi kuliona jambo hili. Sitaki kusema zaidi, msomaji ataelewa.

Kwetu Tanzania, madaktari wa ngozi si wengi lakini wapo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992, na kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali yako ya mkoa ikuelekeze kwa mtaalamu.

Kitalu na jaruba

Sasa, kupandikiza nywele ni nini hasa? Kama umelima mpunga umekwisha kuelewa nusu. Miche hukuzwa kwenye kitalu, kisha hung'olewa mmoja mmoja na kuhamishiwa kwenye jaruba. Kichwani, kitalu ni sehemu ya nyuma, juu ya kisogo, ambapo nywele huwa imara. Daktari huhamisha mizizi kutoka huko na kuipanda mbele. Haongezi hata unywele mmoja. Na kama ilivyo shambani, kitalu kikiisha kimeisha. Mwanamke ambaye nywele zake zimepungua kichwa kizima, hata kisogoni, hana mahali pa kung'oa.

Daktari Shoji Okuda wa Japani aliandika juu ya kazi hii mwaka 1939, akiwasaidia watu waliopoteza nywele kwa majeraha kama ya moto. Mwaka 1952 Norman Orentreich, huko New York, alianza kuwapandikiza wanaume wenye upara, na akaonyesha kwamba unywele uliohamishwa hubaki na tabia ya kule ulikotoka. Siku hizi huhamishwa vifungu vidogo vyenye unywele 1 hadi 4. Kuna njia mbili. Ya kwanza, hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, ukashonwa, ukagawanywa vifungu. Huacha kovu la mstari linalofichwa na nywele. Ya pili, kila kifungu hutobolewa peke yake kwa kifaa chenye upana wa karibu milimita 1. Huacha vitone badala ya mstari, lakini mara nyingi kisogo hunyolewa.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi. Mzizi hauendi chini moja kwa moja, unapinda. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka akitoboa moja kwa moja ataikata mizizi katikati, na mzizi uliokatwa haupandiki. Kwa hiyo muulize: umewapandikiza wanawake wangapi wenye nywele kama zangu? Nionyeshe. Kama una kovu lolote mwilini lililovimba na kupita mpaka wa jeraha, iwe la kutoga sikio, la chanjo au la kuungua, mwambie siku ya kwanza. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya makovu hayo, na wengine hufanyiwa jaribio dogo kwanza.

Muulize pia nani atakayeshika kifaa. Nchi nyingine, hasa huko Uturuki ambako watu wengi husafiri kwa ajili ya kazi hii, imeonekana mara kwa mara kwamba jina la daktari liko mlangoni lakini anayekata na kutoboa si daktari. Uliza nini kitatokea ukipata tatizo ukiwa umekwisha kurudi nyumbani, maana ndege haitakusubiri. Uliza gharama yote kwa maandishi, na kama utahitaji kurudia. Mwambie daktari magonjwa yako yote, hasa kisukari na shinikizo la damu, na dawa unazomeza. Aspirini na nyingine zinazozuia damu kuganda zaweza kuleta damu nyingi, lakini usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza aliyeiandika.

Na mumeo? Jirani yangu alirudi nyumbani siku ile akafungua kilemba mbele ya mumewe, taa ikiwa inawaka. Aliniambia kesho yake kwamba mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilifikiri umechoka kushikwa." Miaka sita, kila mmoja akiwa na maelezo yake. Walikubaliana nyumba iezekwe kwanza. Hilo liliwachukua miezi kumi na nne, na katika muda huo hakusuka, hakuweka dawa, na alitumia alichoandikiwa. Pembeni, juu ya masikio, nywele zilirudi. Mbele hazikurudi. Ndipo alipokwenda.

Siku za kupona

Upasuaji huchukua saa nyingi, mara nyingi kutwa nzima, ukiwa macho na kichwa kimetiwa ganzi. Baada ya hapo kazi inakuwa yako na ya watu wa nyumbani.

Siku kama kumi za kwanza ndizo za hatari kwa miche, kwa sababu haijashika. Usikune, usibandue magamba, usivae kitu cha kubana wala kinachokwaruza ukikivua. Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito kwa usiku kadhaa. Siku ya pili hadi ya nne uso unaweza kuvimba, paji likashuka hadi kwenye macho. Watoto wa jirani yangu walilia walipomwona. Laiti angewaeleza mapema. Uvimbe huo hupungua wenyewe. Kuosha huanza pale daktari anaposema, kwa maji ya vuguvugu yanayomiminwa taratibu kwa kikombe, bila kusugua wala kuweka kichwa chini ya bomba lenye nguvu. Magamba huanguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Ndoo ya maji kichwani, hapana. Mzigo wa kuni, hapana. Mtoto mgongoni anayependa kushika nywele, hapana, na hili ni gumu kuliko yote. Kabla hujaenda, panga nani atakayechota maji kwa wiki mbili. Jua kali likwepwe, na jikoni kwenye moshi na joto aingie mtu mwingine siku za mwanzo.

Kisha huja jambo linalowavunja wengi moyo. Kati ya wiki ya pili na ya sita, nywele zilizopandwa huanguka, karibu zote. Jirani yangu alinipigia simu usiku analia kwamba fedha zimekwenda na maji. Hazikuwa zimekwenda. Unywele umeanguka, mzizi umebaki umelala. Kama daktari wake alimweleza, basi hakumwelewa. Mwezi wa tatu au wa nne huanza kuchomoza nywele nyembamba, wakati mwingine na vipele vidogo. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu mwenyewe: matokeo huonekana vizuri kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili, na wakati mwingine baadaye. Anayekuahidi kichwa kizuri kwa arusi ya mwezi ujao anakudanganya.

Usingoje hata kidogo, bali nenda hospitali, ukiona usaha, homa, wekundu au uvimbe unaoenea na kuuma zaidi kila siku, ngozi inayogeuka nyeusi, au damu isiyokoma ukiikandamiza. Kovu likianza kuvimba miezi ya baadaye, nenda mapema. Sindano huweza kulitibu likiwa dogo.

Nawakumbusha pia walio na waume wanaotibiwa upara. Vidonge vya finasteridi, ambavyo wanaume wengi hupewa, si vya mwanamke mwenye mimba au anayeweza kuipata. Vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Vidonge vilivyopondeka usivishike ukiwa mjamzito, na usijaribu "kuonja" dawa ya mumeo kwa sababu yake imefanya kazi.

Jirani yangu sasa ana mwaka na nusu. Mbele zimejaa, si kama za binti wa miaka kumi na minane, lakini zimejaa. Anazikata fupi. Na hasuki tena, kwa maana nywele zilizopandikizwa zikivutwa zitakufa kama zile za kwanza.

Ila yeye ndiye aliyenifanya nimwite binti yangu, mwenye miaka tisa, na kumtazama paji juani. Kwenye kingo, juu ya masikio, palikuwa na vipele vidogo vyeupe, na nywele pale zilikuwa zimeanza kuwa chache. Nilikuwa nimempeleka mimi mwenyewe kusukwa, wiki iliyopita, na aliponiambia inauma nilimwambia avumilie.

Jumamosi nilirudi naye saluni. Nilimwomba msusi azifumue zote, kisha asuke mistari mikubwa, bila nywele bandia, na mtoto akisema inauma alegeze. Msusi alinitazama.

"Mama, zikilegea hivyo hazitadumu. Wiki mbili tu utakuwa hapa."

"Basi tutakuja baada ya wiki mbili," nikamjibu, nikavuta kiti nikakaa karibu.